Dawa ya kuuwa majani inafanya nini kwa samaki?

Bandugu, sisi wa Nyamianda tunajua: ndagala na mikeke njo chakula, njo minervali ya watoto, njo kodi ya nyumba. Lakini dawa yenye kupulizwa mashambani katika uwanda wa Ruzizi, mvua ikinyesha, sehemu yake inashuka na maji mpaka ziwani. Leo tuongee juu ya dawa za kuuwa majani.

Yenye kujulikana sana ni glifosati, iliyoanza kuuzwa mwaka 1974. Inazuia kazi fulani ndani ya mmea, kazi ambayo mwili wa samaki hauna. Ndiyo maana wengi wanasema: «Inauwa majani tu.» Lakini mara mingi ndani ya bido glifosati haiko peke yake. Inachanganywa na kitu sawa sabuni, ili dawa ishike kwenye jani na kuingia. Mwaka 1979, Folmar na wenzake kule Marekani walipima vitu hivyo kimoja kimoja juu ya samaki za maji matamu. Waliona ile sabuni ina sumu kali kuliko glifosati yenyewe. Tena pH ya maji ilipopanda toka 6,5 mpaka 7,5, sumu ikazidi.

Sabuni hiyo inaharibu ngozi nyembamba ya matamvua, ile sehemu nyekundu samaki inapumulia. Samaki inakosa pumzi hata kama hewa iko ndani ya maji. Dawa ikiwa kidogo, samaki haifi palepale, lakini ini inaweza kuumia na samaki ikakosa nguvu. Tena majani yaliyokufa ndani ya mifereji au kidimbwi yakioza, yanakula oksijeni ya samaki.

Mtu atasema: ziwa lina kina cha mita 1470, dawa itapotelea humo. Sawa, katikati. Lakini lumbu wadogo wanakulia karibu na ufuko, na dawa inafikia kwanza ufukoni, pale mito inapoingia: Ruzizi, Mulongwe, Kalimabenge. Watoto wa samaki ndio dhaifu zaidi.

Sisemi dawa peke yake njo inapunguza ndagala. Nyavu za matundu madogo na joto la maji vinachangia pia. Lakini joto hatuwezi kulizima kesho. Pompi, tunaweza kuichunga:

– Usioshe pompi mtoni. Maji ya kuisuza, yapulize kwenye shamba lile lile.
– Usipulize kama mvua iko karibu.
– Acha ukanda wa nyasi kati ya shamba na mfereji.
– Karibu kabisa na maji, tumia jembe.

Mwenye kusoma agronomi asiishie kumuuliza mukulima majani yalikufa ngapi. Amuulize pia: pompi uliiosha wapi?