Moto Usiku: Nani Atatoka na Nani?



Pengine umekwisha kujiuliza: «Nyumba yetu iko na chumba kimoja na mulango moja tu. Moto ukiwaka usiku, tutatokea wapi?» Ni ulizo zuri. Lakini jibu lake linatayarishwa muchana, mbele moto haujawaka.

Moto unaanza wapi?

Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Kolwezi ni kali, na tunaingiza mbabula ndani. Umeme ukikatika, tunawasha buji karibu na chandarua. Wengine wanaficha bido ya esanse chini ya kitanda.

Moshi unaweza kuua mbele moto haujakufikia. Unapanda juu, lakini karibu na udongo kunabaki hewa kidogo. Tena makala inatoa hewa mbaya isiyo na harufu wala rangi, inaua watu katika usingizi. Basi mbabula ilale inje, hata ukiona makala imezimika.

Tutayarishe nini?

1. Mulango. Usiweke mbabula, baiskeli wala magunia ku mulango. Ufunguo utundikwe kila usiku pahali pamoja, mukono uupate hata gizani. Hapana kufungia watoto ndani na kufuli ya inje, hata kama unaenda soko kidogo tu!

2. Njia ya pili. Kama dirisha liko na vyuma, baba aite fundi avifanye vifunguke kutoka ndani. Kama munalala mu hema ya bashi karibu na machimbo, upande wa nyuma ufungwe na fundo ambalo mutoto anaweza kufungua yeye mwenyewe.

3. Watu. Mama anabeba wa kunyonya. Baba anashika mukono wa nyanya. Mutoto mukubwa anashika mudogo wake. Kila mutu ajue wake. Mutoto mudogo akiogopa anajificha chini ya kitanda: umuvute, usingoje atoke peke yake.

4. Pahali pa kukutana. Chagueni muti mumoja inje. Hesabianeni pale, na muite majirani kwa sauti kubwa.

5. Hapana kurudi ndani! Redio, pesa, godoro, vyote vinaweza kununuliwa tena.

Kisha jaribuni. Jioni moja zimeni taa, kila mutu alale kitandani. Mama aite: «Moto!» Wote watambae mpaka ku mulango. Watoto watacheka, si neno, watakumbuka.

Mutu akiungua, mumwangie maji safi ya baridi dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Mumufunike na kitambaa safi, mumulete hospitali.

Kila jioni tunaomba Mungu alinde nyumba yetu. Ni vizuri. Kiisha Amina, mama, angalia ufunguo uko pahali pake.