Timu Iliyouza Miguu Yake

Wanangu, najua mnaijua ratiba ya ligi kuliko mnavyolijua jedwali la kuzidisha, lakini mpira wa hadithi hii si ule wenu. Ni mpira wa Kimarekani, uliochongoka ncha mbili, unaobebwa mikononi na kukimbizwa kifuani. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10, yaani mita 9 na kidogo. Ikifika, inapewa mengine manne. Isipofika, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kusogea kwenyewe ni kwa njia mbili: kurushiana pasi, au kumpa mpira mkimbiaji mmoja, ajitose katikati ya mibaba ya kilo mia na ushei inayomsubiri kwa hamu.

Mwaka 1989, mmoja wa wakimbiaji bora wa Marekani alikuwa Herschel Walker wa timu ya Dallas Cowboys. Kijana wa Georgia, mnene wa misuli, mwenye mbio za mwanariadha. Alipokuwa chuo kikuu alitwaa tuzo ya Heisman, tuzo kubwa kuliko zote za wachezaji wa vyuo. Msimu wa 1988 alikimbia jumla ya yadi 1,514 akiwa na Dallas. Na pamoja na mbio zote hizo, Dallas ilishinda mechi 3 tu kati ya 16.

Ili muelewe maumivu ya watu wa Dallas, lazima mjue walikotoka. Kuanzia 1966 mpaka 1985, misimu 20 mfululizo, timu yao haikumaliza msimu hata mmoja ikiwa imepoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Kocha alikuwa mmoja tangu timu ilipoanzishwa mwaka 1960: Tom Landry, mzee wa kofia na suti, asiyecheka ovyo uwanjani. Halafu mambo yakaanza kuharibika. Mwezi Februari 1989 akaja tajiri wa mafuta kutoka Arkansas, Jerry Jones, akainunua timu, na siku hiyohiyo akamfuta kazi Landry. Miaka 29 ikaishia hapo. Nafasi ikapewa Jimmy Johnson, kocha wa Chuo Kikuu cha Miami, ambaye alicheza na Jones timu moja walipokuwa wanafunzi. Hakuwa amewahi kufundisha hata siku moja katika ligi ya kulipwa ya NFL.

Mashabiki walikasirika, na mimi siwalaumu. Mgeni anakuja mjini, anamtoa mzee wako bila heshima, anamleta swahiba wake. Ukiwa mgeni wa namna hiyo, ombea ushinde mapema.

Hawakushinda. Mechi ya kwanza ya msimu, New Orleans iliwafunga 28 kwa 0. Ikaja Atlanta, ikaja Washington, ikaja New York, ikaja Green Bay. Mechi 5, vipigo 5.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze jambo ambalo bila hilo hadithi yote haieleweki. Kwetu timu inayoburuza mkia hushushwa daraja. Kule haishuki. Badala yake, inapewa fursa. Kila mwaka, mwezi Aprili, timu zote hukutana kuteua vijana wanaotoka vyuoni, na anayeteua kwanza ni yule aliyemaliza wa mwisho. Bingwa anateua mwisho. Mzunguko wa kwanza ukiisha unaanza wa pili, kisha wa tatu, na kuendelea. Kila timu ina zamu yake katika kila mzunguko.

Sasa, hizo zamu ni mali. Unaweza kuzitoa. Nyinyi mmezoea dirisha dogo la usajili, ambapo klabu yenye fedha inamnunua mchezaji wa klabu nyingine katikati ya msimu. Katika NFL timu kwa kawaida hazinunuliani wachezaji kwa fedha, zinabadilishana. Mchezaji kwa mchezaji, au mchezaji kwa zamu. Na unaweza kutoa hata zamu ya mwaka kesho, au ya mwaka wa kesho kutwa, zamu ya kumteua kijana ambaye leo bado yuko darasani na hakuna anayejua atakuwa nani.

Timu iliyokwama, inayozomewa, kwa kawaida katikati ya msimu hutafuta nyota wa kuiokoa. Ndivyo mashabiki wanavyotaka, ndivyo magazeti yanavyotaka. Johnson alitaka kinyume chake. Alikuwa na mazoea ya kukimbia mchana pamoja na makocha wasaidizi wake, na inasimuliwa kwamba ni katika mbio hizo alipowatupia swali: tuna nini sisi ambacho mtu mwingine anaweza kukitaka? Jibu lilikuwa jina moja tu. Walker.

Wasaidizi wake waliona kichaa kimempanda. Walker ndiye aliyekuwa timu yenyewe! Lakini hesabu ya Johnson ilikuwa hii: ukiwa na jahazi linalovuja kila ubao, tanga jipya halikufikishi popote, bora uliuze, ununue mbao.

Wakaanza kupiga simu. Cleveland ikaonyesha nia na kutoa ahadi nzuri. Johnson akaichukua ahadi hiyo akaitumia kama dalali mzoefu anavyomtumia mteja wa kwanza kumharakisha wa pili. Mteja wa pili alikuwa Minnesota Vikings.

Tuwatendee haki watu wa Minnesota, maana tangu siku ile wanachekwa. Hawakuwa wajinga. Walikuwa na timu nzuri, hasa upande wa ulinzi. Misimu miwili kabla, walibakiza mechi moja tu kufika Super Bowl, fainali ya ubingwa, wakafungwa na Washington 17 kwa 10. Fainali hiyo walishawahi kuicheza mara 4 huko nyuma na mara zote 4 wakapoteza. Meneja wao mkuu, Mike Lynn, aliamini wamepungukiwa na kitu kimoja tu, mkimbiaji. Mtu anayeamini amebakiza hatua moja afike haoni aibu kulipa bei kubwa.

Tarehe 12 Oktoba 1989 mkataba ukakamilika. Ukihesabu kila kitu, wachezaji na zamu 18 walibadilisha mikono, na hakuna mabadilishano makubwa kuliko hayo katika historia ya ligi ile. Dallas ilimtoa Walker na zamu chache za chini. Minnesota ikatoa wachezaji 5, pamoja na zamu ya mzunguko wa kwanza, ya pili na ya sita za mwaka 1990. Mmoja wa wale watano, Darrin Nelson, alikataa kwenda Dallas, akaishia San Diego.

Siku ya pili magazeti ya Dallas yaliwacheka Jones na Johnson. Mmemtoa nyota, yakasema, mmeletewa makapi.

Hapo ndipo ninapowaomba mtege masikio, kwa sababu utamu wa hadithi uko kwenye masharti. Kila mchezaji aliyetoka Minnesota alifungwa na zamu yake. Mkataba ulisema: Dallas ikimtema mchezaji fulani kabla ya tarehe 1 Februari 1990, Minnesota itailipa zamu fulani kama fidia, na nyingi kati ya zamu hizo zilikuwa za mzunguko wa kwanza na wa pili wa miaka ya 1991 na 1992. Lynn hakuona hatari. Alijiambia: timu mbovu kama hii, yenye njaa ya wachezaji, itamtemaje mtu mzima anayejua kazi? Watawang'ang'ania, na zamu zangu zitabaki kwangu.

Johnson hakuwataka wachezaji. Alitaka zamu. Wale watu kwake walikuwa stakabadhi za ghalani. Inasemekana aliwaambia wasaidizi wake wasiwape nafasi sana, wasije wakawazoea. Fikirieni ugumu wake: unafungwa kila Jumapili, unazomewa, na kwenye benchi umemkalisha mtu bora kuliko yule aliye uwanjani, kwa sababu unamhesabia Aprili ya mwaka wa kesho kutwa. Binafsi, wazo la kumuuza Walker halinishangazi sana. Mawazo hata mlevi anayo. Kinachonishangaza ni ule uvumilivu.

Maana Minnesota, upande wao, walianza kwa shangwe. Siku 3 tu baada ya mkataba, Walker akashuka dimbani dhidi ya Green Bay. Mara ya kwanza kupewa mpira kukimbia nao, alipasua ngome akaenda yadi 47, kiatu kimoja kikimvuka njiani. Siku hiyo alikimbia yadi 148, Minnesota ikashinda 26 kwa 14, uwanja ukalipuka. Lynn usiku ule lazima alilala fofofo.

Na Dallas? Ilimaliza msimu na ushindi mmoja. Mmoja kati ya mechi 16. Troy Aikman, kijana mrusha pasi waliyemteua wa kwanza mwaka huo, alianza mechi 11 akapoteza zote 11.

Msimu ulipokwisha, Februari ikikaribia, Johnson akampigia Lynn simu. Maneno yao sikuyasikia, lakini maana yake inajulikana: ama niwateme wote na nichukue zamu zangu zote, wewe usipate kitu; ama uniachie wachezaji watatu pamoja na zamu zote, nami nitakupoza kwa zamu ndogo. Lynn alikuwa ameshabanwa. Akakubali. Dallas ikabaki na vyote viwili.

Mwezi Aprili 1990, Dallas iliichukua zamu ya Minnesota, ya 21 kwa mpangilio, ikaongeza zamu ya mzunguko wa tatu, ikabadilishana na Pittsburgh ili ipande hadi ya 17. Ikamteua kijana wa Chuo Kikuu cha Florida ambaye wataalamu walimwona mfupi, tena asiye na kasi ya kutosha. Jina lake Emmitt Smith. Huyo mfupi alikuja kustaafu akiwa amekimbia yadi 18,355, rekodi ambayo hakuna mkimbiaji wa NFL aliyeivunja mpaka leo.

Kuna kitu kingine ambacho Lynn, nadhani, hakukipigia hesabu. Kumbukeni, zamu inapanda kadiri mwenye timu anavyofanya vibaya. Kwa hiyo kila Minnesota ilipofungwa, zamu iliyokuwa mfukoni mwa Dallas iliongezeka thamani! Msimu wa 1990 Minnesota iliporomoka: ushindi 6, vipigo 10. Zamu yao ya 1991 ikapanda mpaka ya 11. Dallas ikaitia ndani ya mabadilishano mengine na New England, ikapata zamu ya kwanza kabisa, na kwa zamu hiyo ikamchukua Russell Maryland, mlinzi wa katikati ambaye Johnson alimfundisha Miami. Mwaka 1992 wakaingia walinzi wa nyuma, Kevin Smith na Darren Woodson. Nao chimbuko lao ni ule mkataba, ama kwa zamu zenyewe, ama kwa zamu zilizobadilishwa tena na tena.

Kutoka ushindi 1 mwaka 1989, Dallas ilipata 7, kisha 11, kisha 13. Tarehe 31 Januari 1993, katika uwanja wa Rose Bowl kule California, iliichapa Buffalo Bills 52 kwa 17 ikawa bingwa. Mwaka uliofuata ikakutana na Buffalo tena, ikashinda tena, 30 kwa 13. Yule Aikman aliyepoteza 11 kati ya 11 ndiye aliyekuwa akirusha pasi.

Msidhani ushindi uliwapatanisha wakubwa. Jones na Johnson waligombana, na mojawapo ya chokochoko ilikuwa nani hasa mwenye sifa za kuijenga ile timu. Machi 1994, wiki chache baada ya ubingwa wa pili mfululizo, wakaachana. Walioweza kuvumilia mzigo wa vipigo 15 pamoja walishindwa kugawana pongezi.

Mmoja wenu ataniuliza, na Walker je? Swali zuri, maana katika mambo haya ya kubadilishana watu, anayebadilishwa ndiye husahaulika. Minnesota hawakujua wamtumieje. Yeye alikuwa mtu wa kupewa mpira mara nyingi na kupita katikati; wao walikuwa na mfumo wao na hawakuubadili. Hakufikisha yadi 1,000 katika msimu wowote akiwa kule. Mwaka 1992, Dallas wakiwa bado wanateua vijana kwa zamu zilizolipwa kwa jina lake, Minnesota ilimwacha. Akaenda Philadelphia, na msimu huohuo wa kwanza akakimbia yadi 1,070. Miguu ilikuwa ileile.

Mwaka 1996 alirudi Dallas, akiwa na umri wa miaka 34. Alicheza misimu miwili ya mwisho akidaka mipira ya kuanzishia na kukimbia nayo, na mara nyingine akimkinga mbele mkimbiaji mkuu wa timu, Emmitt Smith.