Je, Ubora wa Programu ya Hospitali Hujulikana kwa Nchi Ilikotengenezwa?

Mfumo mpya wa kompyuta unapofungwa hospitalini, swali linalotangulia mara nyingi ni hili: umetoka wapi? Ukitajwa kuwa wa Ulaya au Marekani, watu huridhika. Ukitajwa kuwa umeandikwa na vijana wa hapa nyumbani, nyuso hukunjamana. Mazoea haya yana chanzo chake, kwani aliyewahi kuuziwa pasi isiyomaliza mwezi hujifunza kusoma maandishi ya nyuma ya boksi. Lakini programu si pasi. Nakala zake zote hufanana, na ubovu ukiwamo katika moja umo katika zote, popote zitakapofungwa.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25. Iliundwa na Atomic Energy of Canada Limited, shirika la umma la nchi inayosifika kwa sayansi ya nyuklia, na mashine 11 za aina hiyo zilifungwa Kanada na Marekani. Kati ya mwaka 1985 na 1987 wagonjwa sita walipata mionzi iliyozidi mno dozi waliyoandikiwa. Baadhi yao walifariki dunia. Mgonjwa wa kwanza, katika jimbo la Georgia, alilalamika papo hapo kwamba ameunguzwa. Aliambiwa kuwa jambo hilo haliwezekani.

Mwezi Machi 1986, katika mji wa Tyler, Texas, mwendeshaji wa mashine alibonyeza herufi ya eksirei badala ya ile ya elektroni, akatambua kosa lake na kulisahihisha upesi. Kioo kilionyesha masahihisho. Mashine yenyewe haikuyafuata. Mgonjwa alihisi kama amepigwa na umeme, na kompyuta ikatangaza tu hitilafu namba 54, ambayo kitabu cha mwendeshaji hakikuifafanua. Watengenezaji walishikilia kwamba dozi kuzidi hakuwezekani. Mwezi uliofuata mgonjwa mwingine aliumia katika hospitali hiyohiyo. Hapo mtaalamu wa fizikia wa hospitali na mwendeshaji yule walizirudia hatua zile mara kwa mara hadi wakabaini siri: hitilafu ilijitokeza pale tu masahihisho yalipoandikwa kwa kasi.

Ubovu huo ulikuwamo pia katika programu ya mashine iliyotangulia, Therac-20. Huko haukumdhuru mtu, kwa kuwa vizuizi vya nje ya kompyuta vilizuia mionzi kutoka. Katika Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa, na ulinzi wote ukaachiwa programu. Jina la nchi halikubadilika. Kilichobadilika ni usanifu.

Upande wa pili, upo mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uitwao OpenMRS. Ulizaliwa mwaka 2004 kutokana na ushirikiano wa wataalamu wa Eldoret, Kenya, na wenzao wa Indiana, Marekani, walipokuwa wakihudumia watu wanaoishi na VVU. Leo unaandikwa na watu wa mataifa mengi. Mtu akiuliza uraia wake, atajibiwaje?

Hukumu ya jina la nchi huumiza pande zote mbili. Programu ya kigeni ikikosea, mgonjwa au muuguzi anayelalamika huonekana hakuelewa. Ya nyumbani ikikosea, hitilafu hupuuzwa kama jambo lililotarajiwa, wala haiandikwi. Kwa vyovyote vile, anayeweza kuirekebisha hapati habari. Maswali yenye faida ni mengine: nani aliijaribu, na kwa hali zipi? Hitilafu huripotiwa kwa nani, naye hujibu baada ya muda gani? Umeme ukikatika, kumbukumbu zinabaki wapi? Muuguzi akiona dozi isiyo ya kawaida kwenye kioo, ana ruhusa ya kusimamisha kazi?

Hata hivyo nchi si kitu bure kabisa. Taarifa za mgonjwa zikihifadhiwa ng'ambo, ni muhimu kujua zinalindwa na sheria ya nani. Kenya ilipitisha sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Mgonjwa ana haki ya kuuliza taarifa zake zinatumikaje, hata kama mfumo wenyewe umeandikwa mtaa wa pili.