Pikipiki ya mashindano yafunzwa kukaa na watu

Mji wetu wa Mombasa umejaa pikipiki, na sote tumekwisha kuzizoea. Lakini ile iliyoletwa mwaka jana katika gereji moja ya Majengo iliwafanya hata wazee waliokuwa wakinywa kahawa ng'ambo ya njia wanyanyuke kuitazama. Kiti chake chakaribia mita moja kutoka chini. Haikuwa na taa hata moja, wala honi, wala kioo, na kwa kuwa haikuwa na stendi iliegemezwa ukutani kama baiskeli. Ni Yamaha YZ250F, mashini iliyoundwa kwa mashindano ya motokrosi, yaani yale ya kuruka vilima vya udongo ndani ya uwanja maalumu.

Mwenyewe ni mpwa wangu. Nia yake ilikuwa aiendee kazini siku za wiki, na Jumapili azurure nayo katika vijia vya mchanga na mawe vya Kwale. Kazi yake huisha usiku, na njia yake ya kurudi ni ile ya matrela ya Miritini. Mamake, ambaye ni dada yangu, alimwambia neno moja tu: "Radhi zangu huzipati mpaka nione taa mbele na nyuma, na karatasi za serikali mkononi." Mimi mjomba nikatwikwa kazi ya kusimamia shuruti hizo zitimie.

Wengi hudhani kwamba kuigeuza mashini ya namna hii ni kufunga taa tu, basi. Lakini hiyo taa utaiwasha kwa umeme gani? Ndani ya injini ya pikipiki mna koili, na sumaku ikizizunguka hutoa umeme. Katika pikipiki ya barabara umeme huo huitosha plagi, taa, honi na betri. Katika hii ya mashindano huitosha plagi peke yake, kwa kuwa waundaji walitaka wepesi na hawakuwa na haja ya zaidi. Fundi wetu alizitoa koili akazisuka upya kwa waya wa shaba, kazi ya siku mbili iliyotaka subira ya mfuma kofia. Kisha akafunga kidude cha kuzuia umeme usizidi kiasi, na betri ndogo chini ya kiti. Taa alichagua za LED, ambazo hula wati chache. Taa ya breki ilinifurahisha zaidi: swichi yake ni skrubu inayofungwa penye mpira wa mafuta ya breki, na mafuta yakisukumwa taa huwaka.

KELELE NA CHECHE

Hapana shaka jambo lililowakera majirani ni mlio. Siku ya kwanza ilipopigwa kiki, watoto wa madrasa ya jirani walishindwa kumsikia mwalimu wao. Bomba la moshi la mashindano halikutengenezwa kwa mitaa yenye nyumba zilizobanana na misikiti kila pembe. Tena halina wavu wa kuzuia cheche. Msomaji anayeishi chini ya makuti, au anayejua nyasi za bara zinavyokauka wakati wa kaskazi, hahitaji kuelezwa zaidi. Tulitafuta bomba la WR250F, lenye wavu na mlio wa chini. Nguvu ilipungua kidogo, na kijana akanuna. Mimi naona hiyo ilikuwa biashara nzuri kuliko zote tulizofanya katika kazi hii.

Hiyo WR250F yafaa kutajwa. Ni ndugu wa hii yetu, wote wawili walitoka mwaka 2001, na injini zao ni za asili moja. Yaani kiwanda chenyewe kilikwisha kuigeuza mashini yake ya mashindano ikawa ya vijiani: kikaifungia taa na stendi, rimu ya nyuma ya inchi 18 badala ya 19 ili tairi liwe nene na lilinde rimu juu ya mawe, na gia zilizoachana zaidi. Kwenye gia ndipo mafundi wetu hukwama. Gia za mashindano zimekaribiana: ya kwanza ni ndefu mno kwa kwenda polepole, na ya tano ni fupi mno kwa lami. Tuliongeza jino 1 katika gurudumu la cheni la mbele, ambalo ni sawa na kupunguza 3 au 4 nyuma. Barabarani injini ikatulia, lakini kwenye mchanga sasa yataka klachi nyingi. Ukipata juu, wapoteza chini; hakuna fundi awezaye kuikwepa hesabu hiyo.

Tairi za meno marefu nazo ziliondolewa, maana juu ya lami iliyolowa mvua za masika huteleza kama sabuni. Na mwenye kuitaka mashini hii ajue pia kwamba matengenezo yake huhesabiwa kwa saa za injini, si kwa kilomita. Oili ni kidogo na hubadilishwa kila mara, na hewa yetu ya chumvi hula spoki na alumini.

Karatasi zilitangulia kabla ya spana. Mashini ya uwanjani yaweza kukaa miaka bila kusajiliwa, na bila nambari hairuhusiwi kukanyaga barabara ya umma, wala haipati bima. Mwuzaji alikuwa na stakabadhi za forodha. Asingekuwa nazo, ningemshauri mpwa wangu aiache hapo hapo ilipo. Hata hivyo gharama zote zilipita nusu ya bei aliyonunulia, na mwenye fedha taslimu ni bora anunue WR tangu mwanzo.

Dada yangu aliikagua mwenyewe, akaipiga honi mara mbili, akasoma kitabu cha usajili ukurasa kwa ukurasa, kisha akampa mwanawe radhi. Lililobaki ni joto. Rediata haina feni, hupozwa na upepo wa mwendo, na ikisimama juani maji huchemka yakamwagika. Feni imeagizwa lakini haijafika. Kwa sasa mpwa wangu akifika foleni ya feri ya Likoni huizima injini, akaisukuma kwa miguu pamoja na wenye mikokoteni.