Tezi za Mafuta za Kope na Afya ya Jicho

Wako wananchi wengi wanaolalamika kuwa macho yanawachoma kama yaliyoingia mchanga, kisha yakawatiririka machozi. Hudhani kuwa machozi yao yamezidi. Mara nyingi ukweli ni kinyume chake: machozi hayo hayadumu machoni kwa kuwa yamepungukiwa na mafuta.

Ndani ya kope mna safu ya tezi ndogo za mafuta, zipatazo 30 katika kope ya juu na pungufu ya hizo katika ya chini. Matundu yake yamo ukingoni, nyuma kidogo ya nywele za kope. Tabibu wa Kijerumani, Heinrich Meibom, alizieleza mwaka 1666, nazo zingali zikiitwa kwa jina lake. Kila mtu apepesapo, tezi hizo hutandaza mafuta juu ya machozi, mithili ya mafuta yaeleayo juu ya mchuzi, yakazuia yasikaushwe na upepo.

Mafuta yakiganda, matundu huziba. Jicho likikauka huchokozeka, nalo hujibu kwa kumwaga maji ambayo pia hayakai. Uoni hufifia, ukarejea mtu akipepesa. Mafuta yaliyonasa huweza kufanya uvimbe mgumu, na vijidudu vikiingia hutokea chokea. Tezi zilizoziba kwa miaka mingi hunyauka.

Tiba ya mwanzo haina gharama. Kitambaa safi kichovywe katika maji ya moto yasiyounguza, kikamuliwe, kiwekwe juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, na kirudiwe kila kipoapo. Kisha kope ikandwe taratibu kuelekea kwenye nywele. Hufanywa hivyo asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa. Anayeacha siku ya tatu asiilaumu tiba. Wanja usipakwe ukingoni kwa ndani, maana ndipo yalipo matundu hayo.

Wananchi wanatahadharishwa wasitumbue uvimbe wa kope, wala wasijinunulie dawa za matone zenye steroidi bila ya cheti cha daktari. Dawa hizo huondosha wekundu upesi, lakini zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kupandisha presha ya jicho, na uoni uliopotea kwa presha hiyo haurejei.

Ambaye kope yake imevimba yote, au uoni wake umepungua, au mwanga unamuumiza, afike hospitali bila ya kuchelewa. Vivyo hivyo mtu mzima ambaye uvimbe humrudia pahala pale pale, kwani mara chache huwa ni saratani.