Maji safi bombani, je, kikombeni?

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia dumu la maji, au bidoni kama wengi wetu tulivyozoea kuliita.

Mama amepanga foleni tangu alfajiri. Zamu yake imefika, amejaza dumu, amelibeba hadi nyumbani. Maji ya bomba yametiwa dawa. Lakini siku mbili baadaye mtoto anaharisha. Ugonjwa umetoka wapi?

Mwaka 1993, katika kambi ya Nyamithuthu nchini Malawi, waliishi wakimbizi kutoka Msumbiji. Watafiti walipima maji ya visima wakakuta ni safi au karibu safi. Walipopima yale yaliyokuwa ndani ya ndoo, wakakuta vijidudu vya kinyesi. Sababu kubwa ilikuwa mikono kugusa maji. Ndipo baadhi ya familia zikapewa ndoo zenye kifuniko na mdomo mwembamba wa kumiminia, ambamo mkono hauingii. Katika familia hizo, kuharisha kwa watoto wa chini ya miaka 5 kulikuwa pungufu kwa karibu theluthi moja.

Na dawa ya maji, yaani klorini, je? Hiyo haifanyi kazi bombani tu. Inayobaki ndani ya maji huendelea kuua vijidudu vinavyoingia njiani na nyumbani. Lakini haidumu. Jua na joto huipunguza, na dumu lenye utelezi ndani huimaliza haraka zaidi.

Wengine husema: "Maji haya yananuka dawa, afadhali ya mtoni." Ndugu zangu, harufu hiyo ndogo ni dalili kwamba mlinzi bado yupo. Bombani, kwa kawaida hulengwa takriban nusu miligramu ya klorini kwa lita. Shirika la Afya Duniani linakubali hadi miligramu 5 katika maji ya kunywa. Maji ya mtoni au ziwani hayana mlinzi. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi waliokusanyika Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, walipatwa na kipindupindu, na watu wakafa.

Basi tufanye nini?

Kwanza, safisha dumu mara kwa mara. Tia maji kidogo, sabuni na mchanga au changarawe, tikisa kwa nguvu, kisha suuza vizuri.

Pili, lifunike tangu bombani na uliweke kivulini.

Tatu, mimina maji. Usitumbukize mkono wala kikombe.

Nne, tumia kwanza maji ya zamani, na usiyaweke siku nyingi.

Tano, nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kugusa chakula.

Mtu akiharisha maji mengi meupe kama maji ya mchele, mpelekeni kituo cha afya mara moja, huku akinywa ORS njiani. Msisubiri kesho.

Msikilizaji, kabla ya kwenda bombani leo, chungulia ndani ya dumu lako. Umeona nini? Tukutane kipindi kijacho.