Je, Wajua? Daraja la Tsavo na Waliolijenga

Msomaji wetu uliyeko Doha, metro unayoipanda ilianza kubeba abiria mwaka 2019, nayo ilijengwa na vibarua wengi kutoka ng'ambo. Reli ya kwetu, ile ya Mombasa hadi Ziwa Victoria, nayo ilijengwa hivyo hivyo.

Je, wajua kwamba John Henry Patterson, mzaliwa wa Ireland, alikuwa na miaka 30 tu alipotua Mombasa Machi 1898 kwenda kujenga daraja la reli hiyo huko Tsavo?

Je, wajua kwamba mawe ya nguzo aliyapata kwa bahati, akiwa kwenye mawindo ya kanga?

Je, wajua kwamba Desemba 1898 mamia ya vibarua walijilaza relini, wakasimamisha treni na kuipanda kuwakimbia simba wawili wala watu? Ujenzi ulikwama takriban wiki tatu. Patterson alimuua simba wa kwanza tarehe 9 Desemba, wa pili tarehe 29. Wote wawili walikuwa madume yasiyo na manyoya shingoni.

Je, wajua kwamba Januari 1899 wafanyakazi walimtunukia bakuli la fedha? Daraja likakamilika Februari. Mafuriko yaliyofuata yaliyazoa madaraja ya muda, lakini nguzo za mawe hazikutikisika.

Je, wajua kwamba ngozi za simba hao aliziuza mwaka 1924 kwa Jumba la Makumbusho la Field, Chicago, kwa dola 5,000? Hadi leo wako huko, wamekaushwa.

Je, wajua kwamba idadi ya walioliwa bado ina utata? Kitabu chake cha 1907 kinataja Wahindi 28 pamoja na Waafrika wengi ambao hakuna aliyewaandika. Baadaye alidai ni watu 135. Mwaka 2009 watafiti waliopima mifupa na nywele za simba hao walikadiria watu wapatao 35.

Je, wajua kwamba Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kujenga reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria, na karibu 2,500 wakafia kazini?

Patterson alifariki California mwaka 1947, na mwaka 2014 majivu yake yakazikwa upya Israeli kwa heshima. Waafrika waliokufa Tsavo hawana hata orodha ya majina. Kwa hiyo tudai jambo moja: popote panapojengwa, Doha au Mombasa, kila kibarua aandikwe jina, na akifa, familia yake iambiwe sababu na ilipwe haki yake.